Siku Tatu za Chatu

Panya ndio waliotangulia kunyamaza.

Katika ghala la kijiji cha Umoja, mwendo wa saa tatu kwa baiskeli kutoka Sikonge, panya walikuwa hawana adabu hata kidogo. Walikimbizana juu ya magunia mchana kweupe, wakazaa ndani ya mbegu za karanga, na mtu akiingia walimtazama kana kwamba yeye ndiye mgeni. Kisha, katikati ya Oktoba mwaka 1974, kukawa kimya. Hakuna aliyeona kinyesi kipya wala kusikia mtafuno. Watu wenye akili wangejiuliza kulikoni. Watu wa Umoja walisema labda panya nao wamehamishwa na operesheni ya vijiji, wakacheka, wakaendelea na shughuli zao.

Aliyejiuliza ni Mwanahawa peke yake. Alikuwa mkunga, mzaliwa wa Tabora mjini, binti wa fundi cherehani, na alisomea kidogo kazi yake katika hospitali ya Kitete kabla ya kuolewa huku porini. Chumba chake cha kuzalishia kilipakana na ghala, ukuta mmoja tu wa matofali mabichi ukiwa katikati. Tangu panya wanyamaze alikuwa akisikia kitu kingine nyuma ya ukuta ule, mburuzo mzito wa polepole, unaokwenda, unaosimama, unaokwenda tena. Siku moja asubuhi akawasha chemli, maana ghala halikuwa na dirisha, akaingia kutazama. Nyuma ya magunia ya mbegu alikuta gamba lililovuliwa zima, na hatua tano mbele yake alikuwapo mwenyewe, amejiviringa, kichwa amekilaza juu ya mikunjo yake. Alikuwa chatu mkubwa kuliko wote aliopata kuwaona. Mwanahawa akatoka kinyumenyume, akafunga mlango taratibu.

Alipeleka habari kwa katibu wa kijiji, kwa kuwa ndivyo mtu mwaminifu anavyofanya, na baadaye alijuta mno kwa kufanya hivyo.

Katibu aliitwa Nikolaus, kijana wa Puge aliyehamia Umoja na mkewe Koleta. Hakuwa mtu mbaya, hilo lisemwe mapema. Hakula hata punje ya kijiji, alilima pamoja na wenzake, na alipokosea aliomba radhi. Ila haraka ilikuwa ugonjwa wake, na mwaka ule kila mwenye cheo alikuwa nao. Jumatatu bwana shamba angekuja kutoka wilayani kukagua mbegu. Nikolaus alitaka chatu auawe siku ile ile.

Mwanahawa akakataa mbele ya mkutano. Aliwaeleza kwamba kwao Waislamu nyoka aliyekutwa ndani ya jengo hapigwi hivi hivi. Anaonywa siku tatu aondoke, kwa sababu huenda si nyoka bali ni jini aliyevaa umbo hilo, na majini wengine ni wacha Mungu wanaokaa karibu na watu kwa amani. Akiondoka, mmeachana kwa wema. Siku zikiisha naye yupo, hapo tena hana wa kumlaumu. Akawakumbusha pia kwamba ghala limejengwa palipokuwa kambi ya misafara ya zamani, ambapo wapagazi wa pembe walilala na wengine hawakuamka. Mwenye mahali pale hakuja kwao. Wao ndio waliohamia kwake na magunia yao.

Watu wakaguna. Mmoja akasema nyoka alilaaniwa tangu bustani ya Adamu, na Nikolaus, aliyekuwa Mkatoliki wa kusali kila Jumapili, akatikisa kichwa kukubali.

"Alilaaniwa na nani akakukabidhi panga wewe?" Mwanahawa akamuuliza. "Dunia tumepewa amana, mwanangu. Huwezi kutunza ng'ombe kwa sababu unakunywa maziwa yake, ukamuua huyu kwa sababu hupendi sura yake. Naye ndiye aliyewalindia mbegu zenu mwezi huu."

Nikolaus akamjibu, akimwita mama kwa Kinyamwezi, "Siku tatu, mayu. Hata moja zaidi sikupi."

Ilikuwa Alhamisi. Baada ya sala ya magharibi Mwanahawa alisimama mlangoni mwa ghala, akaonya kama alivyofundishwa na baba yake. "Ewe uliyemo humu, tunakuomba kwa jina la Aliyetuumba sote. Nyumba hii ina watu. Una siku tatu. Usitudhuru, nasi hatutakudhuru." Alisema mara tatu, akaenda kulala na moyo mweupe.

Jumamosi aliingia kutazama kama mgeni ameondoka. Hakuondoka. Alikuwa amejikaza palepale, ngozi yake ikitetemeka kidogokidogo kama ya mtu mwenye homa, na katikati ya mikunjo Mwanahawa akaona weupe. Yalikuwa mayai, makubwa kama ya bata mzinga, yamegandamana chungu nzima. Mkunga alisimama pale na chemli yake, akahisi machozi yanamlenga. Ameagiza wajawazito wangapi kwa miaka yote hii wasinyanyuke, watulie, wasiache kitanda! Na huyu alikuwa ametii kuliko wote.

Hakumwambia mtu. Hilo ndilo lililokuja kumtafuna. Aliona akisema mayai, watu watafikiria chatu arobaini badala ya mmoja, na siku tatu zitakufa hapohapo. Akatuma salamu Tabora kwa Maalimu Mfaume, mzee wa dua aliyemheshimu, kumwomba aje aseme na wanakijiji. Akapanga Jumapili jioni, siku zikitimia, amwombe Nikolaus muda zaidi.

Jumapili alfajiri akaitwa ng'ambo ya kijito kuzalisha. Aliporudi, jua liko utosini, alikuta watoto wanapima mzoga kwa hatua. Wanaume walikuwa wamekaa kivulini na mapanga yao, na hakuna aliyekuwa anajisifu.

"Hakukimbia, mayu," Nikolaus alimwambia kwa sauti ya chini. "Hakung'ata. Tulimkata, na yeye akazidi kujikaza tu. Hatukujua ana mayai mpaka tulipomvuta."

"Nilikwambia siku tatu."

"Ziliisha jana. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Nilihesabu kwa vidole mbele ya watu wote."

Mwanahawa akaketi chini palepale mavumbini. "Mimi nimemwonya magharibi imeshaingia. Jua likizama Alhamisi, kwetu ni Ijumaa hiyo. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Siku yake ya tatu inaisha leo, jua likizama."

Nikolaus aliinua macho juu. Jua lilikuwa bado na safari ndefu.

"Ungeniambia ana mayai," alisema mwishowe.

"Ungeyavunja."

 Mtu mmoja aliingia ghalani na jembe ili kumaliza kazi. Mwanahawa akamwahi, akatandaza kanga yake juu ya mayai na kukaa mbele yake. Nikolaus akaamuru yaachwe kwanza.

Aliporudi nyumbani alimkuta binti yake, Maua, ameketi sakafuni. Maua alikuwa na mimba ya kwanza, ya miezi minane, na mumewe Mabruki alikuwa mbali kwenye ujenzi wa reli ya Wachina. Jirani alieleza kwamba alikuwa akichekecha unga, na wakati ule wanaume wanashangilia pigo la kwanza kule ghalani, ungo ukamponyoka. Tangu hapo hakusema neno. Unga ulikuwa umemwagika mapajani mwake naye hakuupangusa. Mwanahawa alimgusa shingo akakuta baridi, baridi ya mtungi, na mchana ule watu walikuwa wanahema kwa joto.

Chumba kilinuka udi, na hakuna aliyefukiza udi, na chini ya udi ilikuwapo harufu ya udongo wa shimoni. Mwanahawa alimlaza mwanawe, akachukua bomba lake la mbao la kusikilizia mtoto, akaliweka tumboni na kutega sikio. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa amezoea kusikia pale mapigo ya haraka haraka, na hata alipoyakosa alijua ukimya wake unavyokuwa, lakini alichosikia alasiri ile hakikuwa mapigo wala hakikuwa ukimya, kilikuwa mburuzo, mzito, wa polepole, unaokwenda, unaosimama, unaokwenda tena, ndani ya tumbo la mtoto wake wa pekee. Alitoa sikio. Maua alikuwa akimtazama, na kwa muda wote ambao Mwanahawa alimtazama naye, hakupepesa.

Jumatatu bwana shamba alikuja, akaona mbegu, akaona ngozi ya chatu, akawapongeza wana Umoja kwa moyo wa kujitegemea, akaondoka na ngozi. Gari lake lilikuwa halijafika njia panda wakati Mwanahawa alipokuta kitanda cha Maua kitupu.

Walimkuta ghalani, yeye na tumbo lake, amelala kwenye sakafu ya udongo, amejikunja kuyazunguka mayai, goti limegusana na paji la uso kwa namna ambayo mwanamke mwenye mimba hawezi kujikunja. Alikuwa akitetemeka. Mwanahawa akamshika, na baridi yote ilikuwa imekwisha, mwili ulikuwa moto. Akaweka mkono tumboni. Mtoto akapiga teke, moja, la pili, zuri, la afya.

Nikolaus alidhani anasaidia. Yeye na wanaume wawili walimbeba Maua nje, na kabla hawajamfikisha mlangoni rangi ya uso wake ikawa ya majivu, na tumbo likatulia kama jiwe. Mwanahawa akapiga kelele wamrudishe. Wakamrudisha. Teke likarudi. Walijaribu tena Jumanne kwa ukaidi tu, na yakawa yaleyale, na baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mayai yakipoa, mtoto anakufa.

Maalimu Mfaume alifika Jumatano, vumbi la Sikonge limemjaa kwenye kanzu. Alifukiza, akasoma, akaandika kombe la dua sahanini kwa zafarani, akaliosha kwa maji na kumnywesha Maua. Kisha akapiga magoti na kuuliza kwa upole nani yumo.

Sauti iliyojibu ilikuwa ya Maua, lakini ilitoka polepole, kila neno likingoja lenzake litulie kwanza.

"Nimekuwa hapa tangu walipopita na minyororo. Nilisali nyuma ya waliosali. Sikumgusa mtu."

"Tunajua," alisema Maalimu. "Unataka nini kwa binti huyu?"

"Niliambiwa siku tatu. Kwa jina la Aliyeniumba niliambiwa. Nikaamini, nikakaa juu ya wanangu bila kukimbia. Sasa mwili wangu umechukuliwa wilayani. Nitakaa juu yao kwa mwili wenu, mpaka watoke."

Mwanahawa alimshika mzee mkono, akanong'ona kwamba yeye yuko tayari, amwingie yeye. Sauti ikasema kwa huzuni, wala si kwa hasira, kwamba Mwanahawa hana deni. Yeye alionya kwa haki.

Nje, chini ya paa la nyasi, Maalimu alikunja msala wake. Alikuwa amekasirika kweli.

"Mnaniita nimfukuze dhalimu," alisema. "Huyu si dhalimu. Simwezi, na hata ningemweza nisingemfukuza. Mlimpa ahadi kwa jina la Mungu. Timizeni hata hicho kipande kilichobaki. Yaacheni mayai yatoke."

Ungesema jambo limeeleweka. Halikueleweka. Panya walirudi wiki ileile, wakali kuliko kwanza, na magunia yakahamishiwa shuleni, na huko nako yakatobolewa. Mvua zilipoanza, nusu ya mbegu ilikuwa makapi. Watu waliochekelea mzoga sasa walimlaumu Mwanahawa kwa kufuga mashetani, na waliomlaumu walikuja kwake kwa siri wake zao walipoumwa uchungu. Mara mbili walikuja na debe la petroli kulichoma ghala, Maua akiwa ndani. Mwanahawa aliwaeleza, akawasihi, akawatukana, mpaka sauti ikamkauka, na kila alipomaliza mmoja wao aliuliza tena kwa nini mayai yasivunjwe tu. Alilia kwa uchovu wa kusema jambo moja kwa watu walewale.

Aliyewarudisha ni Nikolaus. Alihamishia kitanda chake mlangoni pa ghala, akalala hapo na rungu. Hakuwahutubia tena. Alikonda. Koleta alimletea chakula, akakichukua kama alivyokileta. Alikuwa amezoea kuhesabu kwa vidole, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, kisha anaanza upya na Ijumaa.

Uchungu ulimshika Maua mwanzoni mwa Desemba, alasiri moja yenye mvua. Mwanahawa na Koleta walimzalisha mlemle ghalani, mwili wake ukiwa bado umeyazunguka mayai. Lakini mtoto hatoki mama akiwa amejikunja. Ilipofika saa yenyewe ilibidi wamnyooshe, wamgeuze, na mayai yakabaki wazi, upepo wa mvua ukiyapuliza kutoka mlangoni. Mtoto akatoka. Alikuwa wa kiume, amekamilika, na hakuvuta pumzi. Mwanahawa alimpangusa mdomo, akampulizia, akamgeuza kichwa chini na kumpiga nyayo, akafanya yote aliyofundishwa na yote aliyoyajua mwenyewe, na mtoto akazidi kuwa wa bluu mikononi mwake, na baridi ilikuwa ikipanda kutoka vidole vile vidogo mpaka kwenye mikono ya bibi yake, mpaka kwenye viwiko, na Maua alikuwa amelala macho wazi bila kupepesa, na udi ulikuwa unanuka, na mvua ilikuwa inapiga, na hakuna aliyesogea.

"Mtu ayafunike," alisema Mwanahawa. "Nawaombeni. Mtu ayafunike."

Nikolaus aliingia. Alivua shati, akaliweka juu ya gunia tupu, akajilaza kwenye udongo uliolowa damu, akajikunja kuyazunguka mayai kama alivyomwona Maua akifanya. "Siku niliikata mimi," alisema. "Nichukue mimi."

Alianza kutetemeka. Ilikuwa kwa muda wa pumzi tatu hivi, kisha mtoto akalia. Maua akapepesa macho, akatazama paa, akauliza kwa sauti yake mwenyewe kwa nini yupo ghalani, na kama kuna uji.

Kijiji kikatulia baada ya hapo, kwa aibu zaidi kuliko kwa imani. Mtoto aliitwa Lukumani, akanenepa. Maua hakukumbuka lolote. Koleta alikuwa akishinda ghalani kila siku, akimnywesha mumewe maji kwa kijiko, akimsimulia habari za shamba. Hakujibiwa. Wazee kwa vijana walijifunza kupita pale bila kupiga kelele.

Mayai yalipasuka Januari, siku ya Jumapili, jua likiwa utosini. Walitoka mmoja mmoja, wembamba, wanang'aa, wakapita mbele ya watu waliojipanga pande mbili na mikono mitupu, wakaingia kwenye majani marefu na kutawanyika porini. Hakuna aliyeinua hata fimbo. Maalimu Mfaume, aliyekuja kwa ajili hiyo, alisoma dua ya shukrani, na Mwanahawa akamshika Koleta mkono, wakaingia kumwinua Nikolaus.

Alikuwa ameketi. Maganda yalikuwa yamemzunguka. Alimtazama mkewe kwa utulivu, na ile sauti ya polepole ikatoka kinywani mwake.

"Wanangu wamekwenda salama. Nimewashukuru. Lakini nina mchana wangu mmoja ambao haukuisha."

Koleta alimtazama Mwanahawa. Mwanahawa alipiga hesabu, akaona ni haki kabisa. Walimuua chatu asubuhi ya siku ya tatu, na ahadi ilikuwa mpaka jua lizame. Akamwambia Koleta kwa moyo mwepesi kwamba ni saa chache tu, wavumilie, leo ni Jumapili na jioni haiko mbali. Wakakaa naye. Koleta alimfunika shati lake mabegani. Kivuli cha ghala kikasogea, kikarefuka, mbuzi wakarudi, na kule upande wa Waislamu mwadhini akaita magharibi.

Koleta akamshika mumewe mkono, na mkono ulikuwa baridi.

"Jua limezama," alisema. "Siku yako imetimia. Nirudishie mume wangu."

Alimgeukia taratibu, bila kupepesa, kama mtu anayemhurumia mtoto kwa jambo asilolijua.

"Limezama kwenu," akasema. "Kwetu ndiyo kwanza linachomoza."